Shangazi wa Pampu: "Anaunguruma Lakini Hatoi Kitu"

Shangazi wa safu hii hujibu barua za mambo ya ndoa, na kwa miaka yote hiyo tu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kisha kijana mmoja akamwandikia kwamba mchumba wake ana kelele na hashibi maji. Shangazi akamshauri amvumilie, na baadaye ikabainika kwamba mchumba mwenyewe ni pampu ya kupikia bia. Tangu siku hiyo barua za pampu hazijakoma. Hutoka Denver, Minneapolis, Birmingham na Toronto, kwa wasomaji wa ughaibuni ambao Jumamosi hugeuza gereji kuwa jiko, sufuria kubwa tatu zikipangwa mstari mmoja na harufu ya kimea ikifika hadi kwa jirani.

Kabla ya kufungua bahasha, Shangazi ametoa angalizo moja la lugha. Yale maji matamu ya kimea ambayo bado hayajatiwa chachu yeye anayaita togwa. Asiyelipenda neno hilo atafute safu nyingine.

Barua ya kwanza imetoka Denver. "Shangazi, nimeachwa kwenye mataa. Nimemnunua mpya, kichwa cha stenlesi, hana hata mkwaruzo. Nikimwasha anaunguruma vizuri lakini hatoi kitu. Nimemweka juu ya meza, juu kidogo ya sufuria, ili nimwone vizuri. Juzi nilimwacha aungurume dakika kumi, nikidhani atabadili nia. Kosa langu ni nini? Ni mimi, Mkavu."

Kosa ni meza. Pampu nyingi za wapikaji wa nyumbani zina impela, yaani gurudumu dogo lenye mapanga, ambalo huzungusha maji na kuyarusha kwa kasi kuelekea ukingoni, nayo yakatokea kwenye mdomo wa juu. Impela ikikuta maji, inasukuma. Ikikuta hewa, inazunguka bure, kwa sababu hewa ni nyepesi mno kurushwa. "Mwanangu," anaandika Shangazi, "umeoa msukumaji, halafu unamdai uvutaji." Pampu ishuke chini ya sufuria, sakafuni ikibidi. Mdomo wa kutolea utazame juu ili hewa ipande na kutoka yenyewe. Kisha afungue koki ya sufuria, asubiri mpira ujae hadi kwenye kichwa cha pampu, ndipo awashe.

Zile dakika kumi ndizo zilizompandisha Shangazi sauti. Pampu hizi huendeshwa kwa sumaku. Mota inazungusha sumaku moja, nayo inaiburuta sumaku ya pili iliyofichwa ndani ya impela, ukuta wa plastiki ukiwa katikati. Hakuna shafti inayopenya, kwa hiyo hakuna sili ya kuchakaa wala togwa ya kuvujia kwenye mota. Ni ufundi mzuri, ila una sharti: impela inazunguka kwenye kijiti kidogo ambacho hulainishwa na kimiminika kinachopita, na si kitu kingine. Ikizunguka kavu, inajisaga. Mkavu akisikia mlio mwembamba kama wa paka aliyekanyagwa mkia, afungue skrubu za kichwa akague kijiti na washa zake. Vipuri hivyo huuzwa peke yake, wala hakuna haja ya kununua pampu nzima.

Wiki moja baadaye Mkavu aliandika tena. Maji yanatoka sasa, asante, ila togwa ikiwa ya moto sana pampu inatetemeka, inakohoa, inakata.

Hapa Shangazi alivuta kiti, maana suala hili analipenda. Mdomo wa kuingizia wa pampu ni mahali penye mgandamizo mdogo, na mgandamizo ukipungua, kimiminika huchemka kwa joto la chini zaidi. Togwa ambayo sufuriani imetulia inaweza kuchemka ndani ya pampu, ikatoa mvuke, na impela inajikuta inazungusha mapovu. Denver iko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Togwa ya nyuzi 92 ingekuwa na nafasi ya nyuzi 8 kabla ya kuchemka Mombasa. Denver ina 3 tu, na wa Nairobi wasicheke, kwao ni pungufu hata ya hapo. Dawa ni zilezile za fundi bomba: mpira wa kuingizia uwe mfupi na mnene, koki ya upande huo iwe wazi kabisa, sufuria iinuliwe, moto uzimwe na dakika chache zipite. Akitaka kupunguza kasi, afanye hivyo kwa koki ya upande wa kutolea. Kubana upande wa kutolea hakuidhuru pampu ya sumaku, ilhali kubana upande wa kuingizia ni kumkaba koo.

Akague klampu pia. Mpira uliolegea upande wa kutolea humwaga togwa sakafuni na kila mtu anaona. Uliolegea upande wa kuingizia unaweza usidondoshe hata tone. Unanyonya hewa kimyakimya, na mwenye nyumba anailaumu mota.

Barua ya pili inatoka Minneapolis, kwa anayejiita Mke wa Mpishi. "Shangazi, mume wangu anapika bia kuliko anavyokula. Ananiambia sheria inamruhusu galoni 200 kwa mwaka kwa sababu mimi nimo nyumbani. Ni kweli? Na kama ni kweli, nimnunulie pampu gani kwa siku yake ya kuzaliwa, kabla hajaungua kwa kubeba masufuria?"

Ni kweli, dada. Sheria aliyoitia saini Rais Jimmy Carter mwaka 1978 iliruhusu nyumba ya mtu mzima mmoja galoni 100, na yenye wawili au zaidi galoni 200, takriban lita 757, mradi bia haiuzwi. Majimbo yalibaki na kauli yao, na Mississippi na Alabama yalisubiri hadi 2013. Kwa hiyo nusu ya bia ile iko kwa jina lako, na Shangazi anashauri uidai.

Kuhusu zawadi, swali la kwanza ni joto. Pampu ya hifadhi ya samaki au ya bustani haifai: plastiki yake haikuundwa kwa togwa inayotokota wala kwa chakula. Tafuta iliyoandikwa wazi kwamba ni salama kwa chakula na inastahimili joto la kuchemka. Vichwa vya plastiki ya polisalfoni hustahimili hadi nyuzi 121, na vimetumikia wapikaji kwa miaka mingi. Udhaifu wake uko kwenye nyuzi za skrubu, maana mwanamume mwenye spana na hasira huziharibu kwa zamu moja. Stenlesi humsamehe mtu wa aina hiyo. Kama mume wako ni mpole, plastiki inatosha. Pampu ndogo za volti 12 ni rahisi, kimya, na huweza kupunguzwa kasi, lakini nguvu zao ni za sufuria ndogo. Na vyovyote itakavyokuwa, soketi ya gereji iwe na swichi inayokata umeme ukivuja, kwa sababu togwa, umeme na sakafu ya saruji iliyolowa havipaswi kukutana.

Mhamiaji wa Birmingham yeye amehamia Uingereza kutoka Marekani na pampu yake ya volti 115. Amenunua transfoma, pampu inazunguka, lakini "imekuwa mvivu tangu tuvuke bahari". Si uvivu. Transfoma hubadili volti, haibadili hetzi. Marekani umeme ni hetzi 60, Uingereza 50, sawa na Dar es Salaam na Mombasa. Kasi ya mota hiyo imepungua kwa sehemu moja kati ya sita, na kwa kuwa uwezo wa kupandisha maji hufuata kipeo cha pili cha kasi, pampu imepoteza karibu theluthi moja ya kimo chake. Apunguze kimo cha kupandisha, au aiuze kwa anayerudi Marekani.

Wa Toronto ameuliza mambo mawili kwa mstari mmoja. Kimea chake kinashikana kama ugali pampu inapozungusha togwa: abane koki ya kutolea, maana mvuto mkali hukandamiza machicha yakaziba. Na pampu yake inanuka: baada ya kila mpiko azungushe maji ya moto yenye poda ya kusafishia, asuuze, kisha afungue kichwa mara kwa mara atoe vipande vya hopsi. Afungue na koki pia, kwa kuwa togwa hujificha nyuma ya lile tufe la ndani na kuoza humo. Asitumie jiki, hula stenlesi.

Mjukuu wa Moshi, mwenye barua ya mwisho, amekaripia wote. Bibi yake alipika mbege ya ndizi na ulezi maisha yake yote bila pampu, na vyombo vyake vilikuwa kata na mikono miwili.

Shangazi amemkubalia bila ubishi. Anayepika lita 19 katika sufuria moja, kimea kikiwa ndani ya mfuko wa kitambaa, hahitaji pampu. Hata mwenye sufuria tatu anaweza kuzipanga ngazi kwa ngazi, togwa ikateremka yenyewe. Shida ni kwamba sufuria ya juu hukaa usawa wa kichwa, na anayeimimina ni mtu aliyeamka alfajiri na kuonja mpiko wa mwezi uliopita.

Gazeti likielekea kiwandani, Minneapolis imeandika tena. Mume amepokea zawadi yake, stenlesi, na ameibatiza jina: Shangazi. Mwenye jina hajajibu bado.