Theluthi Mbili za Mashine ya Babu

Ndevu zangu hazijapata uhuru. Zinaota Cheyo, ninakoishi, lakini kibali cha kuziondoa kinatoka Ng'ambo, kwa Shangazi. Kila Ijumaa asubuhi, wanaume wenzangu wa Tabora wakiwa wanajipaka povu mbele ya vioo vyao, mimi niko nyuma ya bodaboda na vyuma viwili mfukoni, naenda kuomba cha tatu.

Inabidi nieleze, kwa sababu mke wangu, pamoja na miaka yote ya ndoa, bado ana wasiwasi kwamba nina nyumba ndogo huko. Mwanamume gani, anauliza, anaondoka kila Ijumaa hajanyoa na anarudi ananukia sabuni?

Babu alikuwa askari wa KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza. Alipanda treni hapahapa stesheni ya Tabora, akashuka Dar es Salaam, akaingizwa melini, na mwaka 1944 akajikuta Burma, kwenye tope la Bonde la Kabaw, akimfukuza Mjapani ambaye hawakuwahi kugombana naye hata siku moja. Aliporudi hakuwa na mali. Alikuwa na koti, kovu la goti, malaria ambayo angeweza kuipata Tabora bila kupanda meli, na mashine ya kunyolea ndevu.

Ni zile za zamani, za vipande vitatu. Juu kuna kofia yenye msumari wa hesi katikati. Chini yake kuna kitako chenye meno kama kitana. Kiwembe unakilaza kati ya hivyo viwili, kisha unaleta mpini kwa chini na kuuzungusha mpaka vyote vikumbatiane. Ukipungukiwa kipande kimoja huna mashine, una vyuma. Msomaji alishike hilo.

Utotoni nilikuwa nakaa chini ya mwembe wa Babu kumwangalia akinyoa. Kikombe cha bati chenye maji ya moto, brashi iliyopoteza nusu ya nywele zake, kipande cha sabuni ya kufulia, na mwisho jiwe la shabu ambalo alijisugua nalo huku amefumba macho na kuvuta hewa kwa meno. Sauti ya ile mashine ikipita shavuni ilikuwa kama mtu anakwangua ukoko chumba cha pili. Nikawa nalilia wembe, kama watoto wote. Watu wa zamani walisema mtoto akililia wembe apewe. Hawakusema atapewa ukiwa umekamilika.

Babu alipofariki, Bibi alikuwa ameshatangulia. Wakabaki watoto wawili tu: Baba na Shangazi. Akaitwa shehe kugawa mirathi. Nyumba ikapata mgawo wake, shamba likapata, baiskeli ikauzwa. Kikabaki kimkebe chenye ile mashine. Kila mtu kwenye mkeka alijua kwamba hicho ni cha Baba, kwa kuwa Shangazi na ndevu wapi na wapi. Baba akanyoosha mkono.

"Subiri kwanza," Shangazi akasema. "Shehe, mtoto wa kiume anapata mafungu mangapi?"

"Mawili."

"Wa kike?"

"Moja."

"Hiyo mashine ina vipande vingapi?"

Shehe akaifungua. Akahesabu. Akahesabu tena, taratibu, kama mtu anayeomba kimoja kipotee. Vilikuwa vitatu. Katika historia nzima ya mirathi sidhani kama kuna mali iliyowahi kugawanyika sawasawa namna ile bila kuuzwa. Kofia na kitako kwa Baba, mpini kwa Shangazi. Namshukuru Mungu kwamba Bibi hakuwepo, maana thumuni yake ingelazimu tuazime msumeno.

Tangu siku hiyo Baba, mtumishi wa Shirika la Reli, mtu mzima mwenye watu chini yake kazini, akawa anavuka mji kila Ijumaa kwenda kunyolea uani kwa dada yake. Alilalamika mpaka anaingia kaburini. Nilimhurumia sana, mpaka miaka minne iliyopita alipoondoka yeye. Dada zangu, ambao wana akili, walichagua cherehani na kabati. Mimi nikapata kofia na kitako.

Mashine yenyewe ina jina la Gillette, limefifia lakini linasomeka. Nimemsoma bwana huyo na hatufanani hata kidogo. King Camp Gillette alikuwa Mmarekani mchuuzi wa vizibo vya chupa, hivi hivi vya soda, na bosi wake ndiye aliyempa wazo: buni kitu ambacho mtu akikitumia anakitupa, halafu anarudi dukani. Mwaka wa kwanza wa biashara, 1903, aliuza mashine 51 na viwembe 168. Mwaka uliofuata akapata hataza, na mashine zikauzwa kwa makumi ya maelfu. Yaani mtu ametajirika kwa kuifundisha dunia kutupa, halafu chombo chake kikaangukia kwenye ukoo ambao haujawahi kutupa hata kamba ya kiatu. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati kiwembe kilikuwa adimu kama sukari na sabuni, Baba alikuwa akikisugua kimoja ndani ya glasi ya maji, huku na huku, mpaka kinapata makali tena. Nadhani kuna kiwembe kilichoishi nyumbani kwetu muda mrefu kuliko paka.

Najua wasomaji wajuaji wameshapata jibu: chonga mpini mwingine. Jamani. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamebanwa na vita na fedha kutoka kwao haziwafikii, karakana ya reli ya hapahapa Tabora iligeuzwa kiwanda cha sarafu. Walifua heller za shaba, nyingine kwa maganda ya risasi na mizinga, wakafua na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo, mpaka Wabelgiji walipoingia mjini Septemba mwaka huohuo. Huu ni mji ulioweza kujifulia dhahabu chini ya mtutu. Nikapeleka kofia yangu kwa fundi wa kuchonga vyuma, nikamwambia nataka mpini wa urefu wa kidole. Akaigeuza, akaipuliza, akaitazama kwa jicho moja.

"Mzee, hii hesi ya mkoloni," akasema. "Nikiingiza ya kwetu, inakula."

Nikamwambia ajaribu tu. Akajaribu. Ilikula kidogo, nikaikwapua. Alinidai hela ya kuangalia.

Basi nikabaki na Shangazi. Ana zaidi ya miaka themanini na mpini anaulaza kwenye sanduku, ndani ya kitambaa, ndani ya mkoba, na ufunguo wa sanduku uko kiunoni. Ukifika huuombi moja kwa moja.

"Mwangaluka, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Mbona unahema? Pumzika. Halafu kuna gunia la mkaa hapo nje, liingize."

Unaingiza gunia. Unapewa michembe na karanga. Unasikiliza habari za jirani. Unaambiwa paa linavuja upande wa jikoni na ngazi iko nyuma ya nyumba. Babu wa babu yangu, nilivyohadithiwa, alikuwa mpagazi: alibeba pembe za ndovu begani kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 800 kwa miguu, akalipwa doti za merikani. Mimi mjukuu wake nabeba mkaa kutoka barazani hadi stoo, na malipo yangu ni mpini, tena wa kurudisha.

Watu huenda Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, kuliona tembe alilokaa Livingstone. Stanley alimwacha pale Machi 1872, akaenda pwani kumtafutia wapagazi, na Daktari akasubiri hadi Agosti 25 ndipo msafara ukang'oa nanga. Wageni wakisimuliwa hutikisa vichwa kwa huruma. Miezi mitano! Mimi nasubiri mwaka wa nne, na hakuna aliyeniwekea kibao mlangoni.

Nimejaribu kuasi. Nilinunua zile za plastiki za kutupa. Nikatokwa na mapele shingoni kama kuku aliyenyonyolewa. Nikaenda saluni, kijana akaninyoa vizuri na mashine ya umeme, akanipaka spiriti nikaona nyota za mchana, lakini Ijumaa ile nilipopita Ng'ambo kumjulia hali Shangazi, alinishika kidevu, akakigeuza kwenye mwanga kama anayekagua embe la kununua.

"Nani kakunyoa?"

Nikamtaja. Hakusema kitu. Alienda kukaa chini ya mwembe, mtandio usoni, na michembe haikuletwa. Nilitumia Ijumaa tatu kuomba msamaha, na mapipa mawili ya maji. Mke wangu ni Mzaramo, mtani wetu tangu enzi za misafara, na utani wa namna hiyo hauna likizo. Aliniambia Wanyamwezi ndio watu pekee duniani wanaoweza kufumaniwa na shangazi yao.

Ijumaa iliyopita nilifika nikakuta sanduku limeshafunguliwa. Nikaogopa. Mpini uko mezani, juu ya kitambaa, na pembeni amekaa mjukuu wake, mtoto wa binamu yangu, yuko kidato cha tatu, amefunga likizo. Mdomo wa juu ulikuwa na kivuli ambacho nilidhani ni uji.

"Huyu naye ameota," Shangazi akatangaza. "Mfundishe. Kwa upande wangu ana haki."

Nikafungua kiwembe kipya. Nikafunga mashine, kofia, kitako, mpini, nikamwonyesha namna ya kulegeza mkono ili uzito wa chuma ufanye kazi. Shangazi akaamua mtoto atangulie. Zilikuwa ndevu saba; najua, tulizihesabu sote watatu. Alitumia nusu saa na povu la kumwogesha mbuzi, akajikata mara moja, Shangazi akamsugua shabu akipiga kelele kama anatahiriwa upya. Ilipofika zamu yangu, na kiwembe kipya kingine, nilimaliza shavu la kulia tu. Adhana ya kwanza ikalia, na Shangazi hana mzaha na Ijumaa: mpini ukafunguliwa, ukafutwa, ukakunjwa kwenye kitambaa. Safari hii haukurudi sandukuni. Aliukabidhi kwa mtoto.

Kijana akanisindikiza hadi barabarani, heshima tupu, amenibebea hata kofia yangu ya darizi. Bodaboda ikasimama. Nikapanda, vyuma viwili vinagongana mfukoni, shavu moja la bwana harusi na jingine la mtu aliyelala porini.

"Mjomba," akasema, "samahani. Hivyo vipande vyako viwili, ukishafariki, vitakwenda kwa nani?"