Sentensi Iliyokatikia Baharini

Mume wangu alipunguzwa kazini Januari, mimi nikajua Machi. Kipindi chote hicho alikuwa akiamka alfajiri kama kawaida, anaoga, anapiga pasi shati, anapanda daladala, na jioni anarudi na mkate mkononi. Habari niliipata kwa mhasibu wa shule, aliponipigia kuniambia ada ya kijana wetu wa kidato cha tatu haijalipwa. Nilipomuuliza mwenzangu, aliniangalia, akavua viatu, akaenda kulala.

Hatukugombana. Ugomvi una kelele, majirani wakisikia huja kuamua. Sisi tulinuniana. Kitanda kimoja, mgongo kwa mgongo, na kila neno likawa linapitia kwa mtoto: mwambie baba yako chakula tayari, mwambie mama yako hela ya luku nimeiweka kabatini. Mpaka usiku mmoja kijana akaweka kijiko chini, akasema, “Baba, mama, mnisamehe, lakini mimi si simu yenu.”

Na ndiye aliyetangulia kutafuta msaada. Shuleni kwao kuna bango la namba 116, ile ya huduma kwa watoto inayopigwa bure. Aliipiga kwa simu ya bibi yake, amejifungia chooni. Baadaye alinisimulia kwamba aliyepokea hakumuuliza nani ana makosa nyumbani. Alimuuliza kama analala vizuri, na ni mtu mzima gani anayeweza kuzungumza naye bila woga. Niliumia kusikia mwanangu amelazimika kujificha ili asikilizwe. Nikasema na sisi wazazi wake tutatafuta.

Mwanamke aliyewahi kutafuta ushauri wa ndoa kwenye simu anajua kinachotangulia: waganga wanaoahidi kumrudisha mume, na makocha wa mahusiano wenye picha za suti. Mmoja alitaka nitume hela kabla hajanitajia jina lake kamili. Nilipomuuliza amesomea wapi, alijibu kwamba ndoa haisomewi. Inasomewa. Wenzetu Kenya wana sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, inayotaka mtu asajiliwe ndipo afanye kazi hiyo. Hapa kwetu Muhimbili wanafundisha saikolojia tiba, na Chuo cha Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama kimekuwa kikitoa maofisa ustawi tangu miaka ya 1970. Mtu anayekabidhiwa maumivu ya nyumba ya watu ana wajibu wa kusema alikojifunzia kuyashika.

Mume wangu naye alikuwa na lake. Alilisema akiwa amesimama mlangoni, bila kupitia kwa mtoto: “Kwa hiyo siri zangu zikauzwe?” Alikuwa amesoma kuhusu BetterHelp, kampuni kubwa ya Marekani ya ushauri wa mtandaoni, ambayo mwaka 2023 iliamriwa na tume ya biashara ya huko ilipe dola milioni 7.8 kwa kuwapelekea Facebook, Snapchat na wengine taarifa za wateja iliokuwa imewaahidi usiri. Nilimjibu kwamba hofu yake ni ya haki. Nikamwambia pia kwamba na sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kwamba swali lake nitalipeleka kama alivyolisema, neno kwa neno.

Nililipeleka. Afisa ustawi wa hospitali ya wilaya alikuwa amenielekeza kwa mwanasaikolojia mmoja, mama wa makamo anayehudumia watu ana kwa ana na kwa simu. Alinijibu moja baada ya jingine: anaandika nini, anatunza wapi, nani mwingine anaona, na ni wakati gani atalazimika kuvunja siri, yaani maisha ya mtu yakiwa hatarini. Kisha naye akaniuliza. Je, naogopa kupigwa? Je, kuna mtu anayeshika simu yangu bila ridhaa yangu? Alisema hawakutanishi wawili kabla hajazungumza na kila mmoja peke yake, kwa kuwa penye kipigo, kumkalisha mke mbele ya mume ili aseme ukweli ni kumtia hatarini zaidi. Hapo nikamwamini.

Tukabaki na tatizo la mahali. Nyumba yetu ya Tabata ina vyumba vitatu na kuta zisizofika juu. Ukikohoa sebuleni, wa chumba cha mwisho anakwambia pole. Naishi na mama mkwe, watoto watatu, na mdogo wake mume wangu anayesoma chuo. Huduma hii husifiwa kwamba inakufuata hadi nyumbani, lakini kwa wengi wetu nyumbani ndiko mtu asikoweza kusema neno bila kusikiwa. Mazungumzo yangu ya kwanza niliyafanyia uani, nyuma ya tangi la maji, nikinong’ona.

Nilichonong’ona kikasikika. Mama mkwe, aliyekuwa akianua nguo, alinasa maneno mawili tu, “ushauri nasaha”. Kwa mama wa umri wake, hayo ni maneno ya chumba cha vipimo. Aliyasikia miaka ile ya vituo vya Angaza vya kupima VVU, akayasikia tena mwaka 2007 Rais Kikwete alipopima hadharani kuhamasisha wananchi, na kabla ya hapo alikuwa ameshamzika mdogo wake kwa UKIMWI. Hakuniuliza kitu. Aliingia ndani, akapiga simu kwao Matombo, na kesho yake mjomba wa mume wangu akashuka kwenye basi na mkungu wa ndizi na uso wa msiba.

Mume wangu ni Mluguru, na kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Alituketisha sebuleni, akaanza kwa upole mkubwa: “Wanangu, siku hizi dawa zipo, watu wanaishi. Mmepima lini?” Mama mkwe akaanza kulia. Ilinichukua muda kuwaeleza kwamba hakuna mgonjwa, na ilimlazimu mume wangu aseme kwa kinywa chake, mbele ya mama yake, kwamba hana kazi.

Mjomba alisikiliza. Alipendekeza kikao cha ukoo, na kikishindikana, baraza la kata. Naviheshimu vyote viwili. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya mtu kuomba talaka mahakamani, na wapo waliopatanishwa huko. Ila wengi hulifikia wakiwa wameshaamua. Wanachotaka ni hati ya kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana. Mimi sikutaka hati, wala sikutaka mtu apigwe faini ya mbuzi. Nilitaka kujua kwa nini mwanaume aliyekuwa akinieleza hadi ndoto zake aliweza kunificha jambo kubwa kama lile.

Mzee akanyamaza, kisha akauliza, “Huyo mama wa kwenye simu anahitaji nini?” Nikamjibu anahitaji watu wawili, mlango uliofungwa na saa moja. Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, mjomba aliwachukua wote waliomo ndani akaenda nao Kigamboni kumsalimia ndugu.

Tuliegemeza simu kwenye kopo la sukari. Mume wangu alikaa akivuta uzi wa kitambaa cha meza, anauviringa kidoleni, anauachia. Mwanasaikolojia hakumharakisha. Alimwomba anieleze mimi, si yeye, siku ile ilivyokuwa. Kimya kikawa kirefu. Kisha mume wangu akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu Machi, akasema, “Sikukwambia kwa sababu siku ile nilipotoka ofisini nili…”

Picha ikaganda. Mshauri wetu amefumba macho nusu, kiduara kinazunguka usoni mwake. Tulidhani bando limeisha, nikaongeza. Tukazima simu, tukawasha. Mume wangu akatoka nayo hadi barabarani, akaiinua juu. Kumbe nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ilikuwa imezorota Tanzania nzima na nchi za jirani.

Mwanasaikolojia alikuwa ameshatuambia kwamba mtandao ukigoma atapiga simu ya kawaida, na alipiga. Lakini mume wangu alikuwa ameshajifunga tena. Akaniomba jambo moja: nisimvute.

Sikumvuta. Nilifundisha, nilisahihisha madaftari, nilipika, na ile nusu sentensi ilikuwa nami kila mahali. Katikati ya wiki nilikuwa napeta mchele jikoni, akaja akavuta kigoda, akaanza kuchagua mawe kwenye sinia. Bila utangulizi akasema, “Nilikuja shuleni kwako kukwambia. Nilipofika getini nikasikia vigelegele.”

Ilikuwa siku niliyotangazwa kuwa mwalimu mkuu msaidizi. Walimu wenzangu walikuwa wamenivika khanga, wanaimba. Alisimama nje ya geti akatazama, akanunua karanga kwa mama aliyekaa pale, akazila zote, akageuka. Alijiambia atanieleza kesho. Kesho yake akashindwa, na kila siku iliyopita ikafanya inayofuata kuwa nzito zaidi. Jioni ile ya cheo changu ndiye aliyeniletea soda, akanipongeza kuliko wote. Nililia hadi mchele ukalowana, naye akalia.

Kazi bado hajapata. Anafanya hesabu za maduka ya mtaani. Mazungumzo na mwanasaikolojia yanaendelea kwa simu ya kawaida, sauti tu, maana hiyo haijatuangusha. Mjomba kabla hajaondoka alilipia fundi: stoo ya magunia imetolewa mzigo, imewekwa mlango wenye kitasa, na ukuta umejengwa hadi juu. Jumamosi hii ni zamu ya kijana. Inayofuata mama mkwe ameomba iwe yake, anataka kumzungumzia mdogo wake.