Tumeet Archives

Nairobi kuna kitenzi cha Kiingereza kilichokwisha kupewa kitambulisho. "Tukutane" limebaki kwa wahubiri na machifu. Sisi wengine ni "tumeet" tu. Mgeni hudhani maana ni ileile. Thubutu! Ukiambiwa "tumeet saa nane", jua saa nane ndipo mwenzako ataanza kutafuta viatu.

Na tukisema "tumeet", mahali panajulikana: Archives, yaani Nyaraka za Taifa, jengo lililokuwa benki zamani. Ndani mna kazi za sanaa alizokusanya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais. Nje tuko sisi, tunaosubiri watu. Sanamu ya Tom Mboya ilisimamishwa hapo jirani mwaka 2011, na Mboya ndiye peke yake ambaye ukiambiwa yuko Archives, kweli yuko.

Hata mjomba wangu wa Kitale amekijua kitenzi hicho. Alikuwa ananiletea kuku.

"Nimefika, mpwa wangu," akasema kwenye simu.

"Uko wapi hasa, mjomba?"

"Hapa hapa Archives."

Nyuma yake nikamsikia kondakta: "Kangemi wa kushuka!"

Nikasubiri. Mhubiri mwenye spika alituonya kuhusu moto wa milele, dada wa soksi akapunguza bei bila kuombwa, na kijana mwenye maua akaanza kuyaficha mgongoni. Mjomba akapiga tena: sasa yuko Hilton. Hoteli hiyo ilifungwa mwishoni mwa 2022, lakini midomoni mwetu bado inapokea wageni.

Hatimaye nikamwona ng'ambo ya barabara, kikapu mkononi, kichwa cha kuku kikichungulia. Nikapunga mkono. Mjomba, ambaye macho yake siku hizi yanachagua la kuona, akavuka, akanipita, akamkumbatia mwanamume mwingine mwenye kofia kama yangu.

"Umenenepa!" akamwambia.

Yule bwana naye alikuwa akimsubiri mtu asiyemjua kwa sura. Akashukuru, akauliza habari za safari, akapokea kikapu. Nilipowafikia walishafika kwenye habari za mvua na bei ya mbolea, na ilinibidi nimtajie mjomba jina la mama yangu ndipo nikarudishiwa undugu. Kuku alikuwa bado kwa yule bwana simu yake ilipolia.

Mtu wake alikuwa amefika Archives.

Tukageuka sote kumtafuta, hata kuku.