Kitabu cha Chuo, Kitabu cha Mbuzi

Ahadi nyingi za Januari hufa bila msiba kwa sababu hazina mashahidi. Yangu niliitoa kwenye chumba cha walimu hapa Nachingwea, mbele ya watu tisa na birika la chai, na mmoja wa hao tisa alikuwa mwalimu wa Hesabu. Nilisema kwamba mwaka huu wa 2024 nitasoma vitabu 52, kimoja kila wiki.

Mwalimu wa Hesabu akatua kikombe.

"Na ile shahada yako ya uzamili?"

"Itaendelea."

"Na vipindi vyako?"

"Vitaendelea."

"Na mikorosho?"

Hapo nikajibu kwa kiburi ambacho mpaka leo sijui nilikitoa wapi: "Nikishindwa, nawanunulia beberu."

Kabla kengele haijagongwa, beberu alikuwa ameshaandikwa kwenye ubao wa matangazo, chini ya ratiba ya zamu.

Nisieleweke vibaya. Sikuwa mvivu wa chuo. Nilijiunga na Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa aina yangu, ambao hawawezi kuacha kazi, wala shamba, wala mke, wakahamia Dar es Salaam kutafuta digrii. Na mada yangu niliipenda. Nilikuwa nachunguza Mpango wa Karanga, ule mradi ambao Waingereza waliuanza mwaka 1947 ili wapate mafuta ya kula baada ya vita. Walipanga kulima zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa hapa Tanganyika, kwenye vituo vya Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Wakaleta vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Wakajenga reli kutoka pwani mpaka Nachingwea ili kusafirisha karanga ambazo zilikuwa bado hazijaota. Januari 1951 serikali yao ikatangaza kwamba basi, mradi umekufa, na pauni milioni 36 zimekwenda na maji. Reli ilikuja kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ndiyo maana mpaka leo tuna kata inaitwa Stesheni, na ukiuliza treni inafika saa ngapi watu wanakuuliza umetokea wapi.

Nilimsimulia mwalimu wa Hesabu habari hizi wakati wa mapumziko, kwa shauku. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe na wewe ni Mwingereza tu." Tangu siku hiyo pale shuleni naitwa Mwalimu Karanga.

Nilianza vizuri. Nilinunua kaunta buku moja nene, mbele nikaandika utafiti, nyuma nikaandika riwaya. Kila riwaya niliyoimaliza niliifupisha kwa sauti ya mhusika mmoja, kana kwamba ananisimulia mwenyewe barazani. Mimi bila hivyo nasahau. Januari nikamaliza vinne. Februari nikagundua hila ya kuchagua vitabu kwa wembamba. *Mabepari wa Venisi* nilikimaliza Jumamosi moja, nikaona aibu kidogo, maana Mwalimu Nyerere aliitafsiri tamthilia hiyo ya Shakespeare akiwa anaongoza nchi, ikatoka mwaka 1969, na mimi nilikuwa najipongeza kwa kuisoma tu nikiwa nimelala chali.

Wembamba ndio ulionipeleka kwa Kezilahabi. Nilikiona *Nagona* kwenye meza ya mwenzangu, nikakipima kwa vidole, nikasema hiki ni cha jioni moja. Wanaokijua kitabu hicho wameshaanza kucheka. Kilinichukua wiki tatu. Kila nikifika ukurasa wa kumi narudi wa kwanza kutazama kama nimeruka kitu. Yule mzee wa Ukerewe aliandika kijitabu ambacho ukikibeba mkononi ni chepesi kama daftari la mtoto, lakini ukikifungua kinakukalia kifuani.

Sasa hapa nitasema jambo ambalo sikumwambia mtu mwaka ule. Sijawahi kuandika tasnifu kwa bidii kama zile wiki tatu za *Nagona*. Nilimaliza sura nzima. Na Dokta, msimamizi wangu, alipoirudisha imejaa wino mwekundu, nikasoma riwaya tatu mfululizo bila kupepesa. Nilikuwa natoroka kazi moja na kujificha ndani ya nyingine. Tena ni maficho mazuri kuliko yote, maana hakuna anayemgombeza mtu aliyeshika kitabu. Ukikimbilia kilabuni utatafutwa. Ukikimbilia bao utasemwa. Ukikimbilia kitabu, watoto wanaambiwa wanyamaze, baba anasoma.

Mke wangu alichukua miezi mitatu kuung'amua mchezo huu. Siku moja alinikuta chini ya mkorosho na kile kishikwambi tulichogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022, nikiwa nimezama. Akasimama na jembe begani.

"Hicho ni cha chuo au cha mbuzi?"

Nikasema ni cha chuo. Akachungulia. Kilikuwa *Simu ya Kifo*.

Kuanzia hapo vitabu vyote nyumbani kwetu viligawanyika katika makundi hayo mawili. Cha chuo kilinipa haki ya kuletewa chai. Cha mbuzi kilinipa jembe.

Machi nilikwenda Ruangwa kumhoji mzee mmoja aliyekuwa mtoto wakati wa karanga. Kijiji chake kiko njiani, kabla hujaufikia mji. Nilipanda Noah asubuhi, tukajipanga wanne kwenye siti ya watatu, nikafungua *Kuli* ya Shafi Adam Shafi, riwaya ya makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Mvua ilikuwa imenyesha, gari linateleza huku na huku, mama wa pembeni yangu ana kuku mapajani, na mimi niko Unguja. Konda anaapa kwamba aliita jina la kile kijiji mara tatu. Mimi nilimsikia mara moja, nikadhani ni msimamizi wa makuli.

Nikashtukia tuko stendi ya Ruangwa mjini, na mji umefurika. Namungo walikuwa wanacheza na moja ya zile timu mbili za Kariakoo pale Uwanja wa Majaliwa. Gesti zimejaa, hata chipsi zimekwisha saa sita mchana. Nikachukua bodaboda kurudi kijijini, nikafika nimepakwa tope mpaka masikioni, nikapiga hodi. Akatoka kijana wake.

"Mzee yuko?"

"Mzee kaenda mjini mpirani. Bila shaka mmepishana njiani."

Mzee mwenye umri wa miaka themanini na ushei, ambaye kwa simu aliniambia miguu haimwezi tena.

Alirudi usiku, sauti imekauka kwa kushangilia. Nikatandikiwa mkeka barazani, nikamalizia *Kuli* kwa tochi ya simu, nikaandika muhtasari wake palepale gizani kabla chaji haijaisha, nikalala. Alfajiri tukaanza mahojiano. Shikamoo, marahaba, kirekodio kikawashwa, na mimi kichwa changu bado kiko Unguja.

"Mzee wangu, pale mlipogoma bandarini, wakubwa walifanyaje?"

"Bandari ya wapi, mjukuu wangu?"

"Pale... kwenye meli."

Mzee akanitazama kwa muda. Akatazama mikorosho, akatazama mlima, akatafuta bahari pande zote nne asiione. Kisha akamgeukia kijana wake, akauliza taratibu, "Huyu mwalimu amekula?"

Baada ya uji alinisimulia vizuri. Alisema walikuwa wanalisikia trekta asubuhi na kuliona jioni, na watoto walilikimbilia wakidhani anayekohoa namna ile lazima awe mgonjwa. Nilirudi Nachingwea na furaha, nikiwa nimeketi jirani na dereva, na sikufungua kitabu chochote njia nzima. Sikujiamini.

Mei ikaja na kimbunga Hidaya. Nilikuwa nimeagiza vitabu vitano kutoka Dar es Salaam, vimefungwa kwenye boksi la sabuni, vimekabidhiwa kwa konda. Barabara ya kuja kusini ikakatika maeneo ya Somanga, mabasi yakakwama, na boksi langu likakwama nayo. Namshukuru konda yule. Boksi lilifika baada ya siku nyingi, limevimba kama andazi, na *Peponi*, ile tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, imegandana na Shaaban Robert kiasi kwamba ilibidi nivitenganishe kwa mvuke wa sufuria. Mke wangu aliniuliza napika nini. Nikasema napika cha mbuzi.

Jambo lililoniuma zaidi lilikuwa salfa. Asiyelima korosho hajui: dawa ya ubwiriunga ikiwa ya unga hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, ili ishike. Jua likishatoka na upepo ukaanza, unampulizia jirani. Mtu anayesoma mpaka saa nane usiku hana alfajiri. Juni na Julai yote nilikuwa naamka saa moja na kukuta kijana wa kibarua amekaa juu ya mashine, ananisubiri, na jua linamchoma kisogo. Jirani yangu hakununua hata mfuko mmoja wa salfa mwaka ule, na mikorosho yake ilichanua kama bustani ya mkuu wa wilaya.

Mwishoni mwa Julai niliomba kikao. Nilikuwa kitabu cha kumi na tisa. Tulikaa chini ya mwembe, wajumbe tisa, na mimi nikajieleza kuhusu kimbunga, ada, na *Nagona*. Walinihurumia kuhusu *Nagona*. Lengo likashushwa kutoka 52 hadi 30. Mwalimu wa Hesabu alitaka iandikwe kwenye muhtasari kwamba hata Waingereza walipunguza ekari kabla ya kukimbia.

Oktoba na Novemba sikusoma kitu. Nilikuwa kwenye foleni ya ghala na magunia yangu machache, nasubiri mnada, na usiku nachapa tasnifu kutoka kwenye kaunta buku, macho yamefunga nusu, vidole vinakwenda vyenyewe. Mapema Desemba nikamtumia Dokta rasimu nzima. Akairudisha baada ya wiki mbili, na kwa mara ya kwanza wino mwekundu ulikuwa mchache. Kwenye ukurasa wa 74, pembeni ya maneno ya mhojiwa wa nne, aliandika: "Simulizi hai sana. Huyu mzee mrudie, umhoji zaidi." Nilikwenda kumwonyesha mke wangu. Nililetewa chai.

Desemba 30 nilikuwa na vitabu 29. Nikampigia simu mwalimu wa Hesabu.

"Tasnifu ni kitabu?"

"Ina jalada?"

"Imebanwa kwa waya."

"Kurasa ngapi?"

"118."

Akafikiri. Nilimsikia akifikiri. "Umeisoma?"

"Nimeiandika."

"Sikukuuliza nani kaiandika. Umeisoma, kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho?"

Sikuwa nimeisoma. Nani husoma tasnifu yake? Unaiandika vipande vipande, unaibana waya, unaitupa kwa Dokta, unakimbia. Basi usiku wa kuamkia mwaka mpya, wenzangu wanachinja kuku, nikakaa chini ya balbu na rasimu mapajani. Mke wangu akapita na sinia.

"Na hicho?"

"Hiki ni vyote viwili."

Hakuamini, akapita. Nikasoma. Nakiri kwamba sura ya kwanza ilinichosha. Ya pili ilikuwa na habari nzuri za vifaru, nikatamani ningekutana na aliyeiandika. Nikafika ukurasa wa 74, kwa mhojiwa wa nne, Ruangwa, Machi 2024. Anaeleza jinsi gunia linavyomchuna mtu mgongo. Jinsi chumvi inavyoingia kwenye kidonda. Jinsi meli inavyonesa chini ya miguu, na wimbi linavyopiga gati wakati wenzake wanakubaliana kugoma.

Nikafuata kaunta buku. Usiku ule barazani, kwa tochi ya simu, sikuwa nimetambua mbele ni ipi na nyuma ni ipi.

Sikuweza kuendelea. Kurasa 44 zilizobaki zilibaki, na mwalimu wa Hesabu, nilipomweleza, alihesabu kwa haki kabisa: 29, na sehemu ya kitabu haihesabiki. Beberu nilimnunua Januari 2. Alikuwa mnene. Wajumbe tisa walikula mpaka kwato.

Kwa Dokta nilisema kweli, kwa barua ndefu. Alijibu kwa mstari mmoja, kwamba agizo lake la kumrudia mzee liko palepale. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata nilipanda Noah kwenda Ruangwa, mikono mitupu, nikashuka kituo sahihi. Mzee alikuwa barazani. Tukasalimiana. Nikatoa kaunta buku, mpya, nikaandika jina la kijiji na tarehe juu ya ukurasa wa kwanza, nikaisoma mara mbili. Yeye alikuwa ananitazama.

"Mpeni ugali kwanza," akamwambia kijana wake. "Maswali baadaye."