Usiizike Tabo Kabla ya Kuipima

Gari lenye tabo likianza kuishiwa nguvu hapa kisiwani Mombasa, huhukumiwa kabla boneti haijafunguliwa. Barazani Kibokoni mmoja atasema tabo imekufa, wa pili atasema giaboksi, wa tatu tayari ana nambari ya mtu mwenye injini ya mtumba iliyoshuka juzi bandarini. Wape salamu zao, kunywa nao kahawa, mshukuru kila mmoja. Ufunguo ubaki mfukoni mwako.

Nasema habari ya Subaru, kwa kuwa ndiyo inayowaliza wengi. Colin McRae alishinda Safari Rally nayo mwaka 1997, Richard Burns akashinda tena 2000, na tangu hapo kila kijana wa Majengo anaamini amerithi mguu wao. Mguu huo ndio ugonjwa wa kwanza. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, lakini likishapita mikono ya wenyewe wawili watatu hapa hapa, lililokufikia ni mzee. Mzee hupimwa kwanza, hakimbizwi.

Tabo ni feni mbili kwenye shafti moja: moja husukumwa na moshi wa injini, nyingine huisukumia injini hewa. Shafti hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Kabla ya kuigusa, kagua mipira yote ya hewa kati yake na injini. Klipu moja iliyolegea huleta mluzi, moshi mweusi na gari zito, dalili zilezile ambazo baraza lilishazitolea fatwa. Mipira ikiwa mizima, ngoja injini ipoe, vua ule wa kuingizia hewa, ushike ncha ya shafti kwa vidole viwili. Ikitikisika kidogo kwenda ubavuni, ni kawaida. Ikivutika mbele na nyuma, au mapanga yakigusa ukuta, hapo sasa tandika matanga.

Lakini hata ukinunua tabo nyingine, usikubali ifungwe mpaka fundi akuonyeshe paipu inayoipelekea oili. Kwenye Subaru nyingi za miaka ya 2000, ndani ya bolti ya paipu hiyo mna kichungi cha wavu, kidogo kama ukucha. Oili isipobadilishwa kwa wakati, masizi hukiziba, oili haipiti, tabo inaungua. Inaniuma kuona watu wakilipa maelfu ya shilingi kwa tabo kisha wakakiacha kichungi hicho na uchafu wake. Hao wamenunua maiti ya pili.

Ukitoka Nairobi umelikanyaga gari, usilizime ghafla Mariakani ukaenda kununua madafu. Liache lingurume dakika moja au mbili, oili iipoze tabo. Ukiingia kisiwani kupitia Makupa huna haja. Foleni itakufanyia kazi hiyo.

Sasa maji, na hapa ndipo kisiwa chetu chenyewe kinapoua magari. Mifereji ikikauka, na hukauka mara kwa mara, tunateka visimani, na visima vingi vya Mji wa Kale vina maji ya chumvi. Ndoo ileile ya kuoshea baraza humiminwa kwenye rejeta. Injini ya Subaru ni ya aluminiamu. Chumvi huila, uchafu hufunga njia za rejeta, injini inachemka kwenye foleni ya feri ya Likoni, na gasketi ya hedi inaungua. Kisha atatokea fundi wa kung'oa temostati ili injini “ipumue”. Mkatalie kwa adabu, lakini mkatalie. Bila temostati injini haishiki joto lake, inakunywa petroli, na kilichoichemsha kipo palepale. Tia kuulanti iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi. Halafu tazama tangi dogo la maji injini ikinguruma, wala usiguse kifuniko cha rejeta ikiwa moto. Mapovu yasiyokoma yenye harufu ya moshi ni gasketi, na hapo injini hufunguliwa kweli.

Giaboksi nayo ina kipimo kisicho na gharama. Asubuhi, kabla tuktuk na mikokoteni haijajaa, nenda ule uwazi wa mbele ya Fort Jesus, kunja usukani hadi mwisho, uondoke taratibu. Gari likijikaza na tairi zikirukaruka, klachi ya kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma imeng'ang'ania. Usilaumu klachi kabla ya kutazama tairi: zote nne ziwe saizi moja na zimelika sawasawa. Mbili mpya na mbili vipara huzunguka kwa kasi tofauti, na klachi hushinda ikisuguana mchana kutwa. Kwenye giaboksi nyingi za otomatiki za gia 4, chini ya boneti mna kijisanduku kilichoandikwa FWD. Chomeka fyuzi, nguvu ya nyuma itakatwa. Gari likilegea, umejua ugonjwa kwa bei ya fyuzi. Na taa ya AT OIL TEMP ikimemeta kila unapowasha, kompyuta ina hitilafu iliyoiandika. Isomwe kwa mashine kabla bolti moja haijalegezwa.

Mwisho oili ya giaboksi. Nyekundu safi ni njema. Kahawia yenye harufu ya kuungua imechoka. Subaru nyingi mpya zaidi zina giaboksi ya CVT, yenye mnyororo kati ya puli mbili, na hiyo haitaki oili nyekundu ya giaboksi ya kawaida hata tone. Mnyororo utateleza na giaboksi nzima itaharibika. Mwambie fundi akuonyeshe kopo kabla hajalifungua, usome maandishi mwenyewe. Ikiwa si lenyewe, panda tuktuk urudi nyumbani, gari lilale gereji mpaka oili yake ipatikane.