Mwongozo wa Kuifuata Bendi Mkoani, kwa Mtu Anayejiita Mdau

Mwongozo huu haumhusu mtu anayesikiliza muziki wa dansi redioni huku akipiga pasi. Huyo ni msikilizaji, Mungu ambariki. Unamhusu yule ambaye ikifika Alhamisi hajui Jumamosi atakula nini, lakini anajua bendi yake inapiga mkoa gani, mpiga tumba ameamkaje, na ni mwimbaji gani hatasafiri kwa sababu ana msiba Mbagala. Huyo ndiye mdau. Kama ni wewe, au unatamani kuwa, fuata hatua hizi.

1. Pata bendi, kisha usiiulize maswali

Kwa mkazi wa Dar es Salaam jambo hili halina mzunguko: ni Msondo au Sikinde. Wengi hawakuchagua. Walimkuta baba yuko upande mmoja, mjomba upande wa pili, wakaenda kwa aliyekuwa akinunua soda.

Jifunze historia kidogo, ya kutosha kubishana. Msondo ilianza mwaka 1964 ikiwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadili jina, bendi nayo ikabadili: ikawa Juwata, ikawa OTTU, mwisho ikabaki Msondo Ngoma. Sikinde, yaani Mlimani Park Orchestra, ilizaliwa mwaka 1978, Muhidin Gurumo na wenzake walipotoka Juwata, na baadaye ikawa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, ndiyo ile DDC ya mbele ya jina.

Hapo simama. Ukiendelea kusoma utakuta Gurumo aliondoka tena miaka ya 1980 kwenda Orchestra Safari Sound, kisha akarudi Msondo. Utakuta Hassan Bitchuka na Shaaban Dede nao wamevuka huku na huko. Utagundua kwamba sauti unayoapa ni ya Sikinde tu iliwahi kupamba Msondo, na kinyume chake. Habari hizo ni za kweli, lakini usizitoe ndani ya gari. Kuna watu hawajasemeshana tangu walipozisikia.

2. Ingia kwenye kamati

Kila kundi la wapenzi wa bendi lina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mlezi. Mlezi ni mtu mwenye uwezo ambaye hajawahi kuonekana, ila ahadi yake husomwa mwanzo wa kila kikao na kupigiwa makofi. Wewe anza na cheo cha mjumbe. Kazi ya mjumbe ni kuandika "Tuko pamoja" kwenye kundi la WhatsApp kila mchango unapotangazwa, kisha kuzima simu.

Utachangia tisheti pia. Zitakuja siku moja baada ya safari, zote saizi ya mtu mmoja mnene, na jina la bendi litakuwa limekosewa herufi. Ivae hivyo hivyo. Mwenye tisheti isiyo na kosa anajulikana kuwa amejiunga juzi.

3. Kataa treni

Tuseme bendi inakwenda Morogoro, kilomita zisizofika mia mbili. Tangu Juni 2024 kuna treni ya umeme inayofika huko kwa muda usiozidi saa mbili hivi. Hiyo si ya mdau. Inaondoka kwa wakati, haisimami Chalinze kwa ajili ya mishikaki, haina mahali pa kuchimba dawa, na ukifungua spika yako abiria wenzako watakutazama kama mwizi.

Mdau anasafiri na Coaster ya kukodi. Tangazo litasema gari linaondoka saa mbili asubuhi kamili. Maana yake saa mbili ndipo dereva ataanza kutafutwa. Mtaondoka saa tano, baada ya kumsubiri katibu, ambaye ndiye aliyeandika tangazo.

Wazee huketi mbele, na huamkiwa shikamoo na kila anayepanda, hata kama ameshawaamkia chini. Katikati huketi Mtaalamu. Kila Coaster ina wake. Huyu anajua kila wimbo ulirekodiwa na nani, nani alipiga solo, nani alipiga rizimu, na nani alitakiwa kupiga lakini siku hiyo aliumwa. Anataja hayo wimbo ukiendelea, kwa hiyo usitarajie kuusikia. Ukitaka kumtuliza, kosea makusudi: sema solo hiyo ni ya mtu mwingine. Atakasirika, atageukia dirishani, na mtapata utulivu mpaka Mikese.

4. Morogoro, usiwafundishe watu dansi

Hili linawaponza wengi. Unashuka Msamvu na tisheti yako ya Dar, unawatazama wenyeji kwa huruma, kana kwamba umewaletea dawa. Umesahau kwamba uko kwenye mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, mji wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965 na Mbaraka mwaka 1979, lakini kwenye baa utakayokaa kuna mzee mwenye kofia ambaye kwake wote wawili wametoka tu nje mara moja. Atakuuliza kwa upole, "Kijana, hiyo bendi yenu ilikuwa imeanza kupiga Salum Abdallah alipoanza kupiga?" Hilo si swali. Mpe shikamoo, mwagizie anachokunywa, nyamaza. Atakachokueleza hadi jioni ni bora kuliko mwongozo huu.

5. Mlangoni, beba kitu

Hapa ndipo mdau hutofautiana na mteja. Mteja analipa kiingilio. Mdau anabeba kitu. Bendi ikianza kushusha vyombo, kamata waya, stendi ya maikrofoni, hata kifuniko cha ngoma, kisha pita mlangoni ukitoka jasho na kusema "Vyombo hivyo, vyombo!" Hakuna mlinzi anayemzuia mtu aliyebeba chombo. Wadau waliokomaa huweza kuingia watu sita kwa spika moja: wawili wanabeba, wanne wanasema "polepole, polepole."

Ukikosa cha kubeba, sema "Mimi ni wa bendi." Wakikuuliza unapiga nini, jibu "Mimi ni wa bendi" kwa sauti ya kuumia zaidi.

6. Ukumbini, kaa unaonekana

Chukua meza iliyo karibu na jukwaa. Usicheze wimbo wa kwanza, watadhani umekuja kufurahi. Wakati wa maneno, pale mwimbaji anaposimulia kisa cha mwenye nyumba, mke mdogo au rafiki msaliti, tikisa kichwa kama mtu aliyekuwepo. Wimbo ukifika kwenye chemko, sehemu ya kuchezeka, inuka taratibu, koti mkononi.

Kutunza kuna utaratibu wake. Chenji noti ya elfu kumi upate za elfu moja moja, maana kitendo kimoja cha kumpa mtu elfu kumi hakiwezi kushindana na safari kumi za kwenda jukwaani. Na iwe noti. Serikali ilipoleta sarafu ya shilingi mia tano mwaka 2014 haikuwafikiria wapenzi wa dansi: sarafu haikai kwenye paji la uso la mpiga solo.

Lengo la yote hayo ni kutajwa. Mwimbaji akitaja jina lako katikati ya sebene umefika. Ila jiandae: huenda likatajwa baina ya meneja wa ukumbi na marehemu, na la baba yako likakosewa. Inua mkono tu.

7. Omba nyimbo vizuri

Andika ombi kwenye kikaratasi. Omba wimbo wa zamani, kadiri waliourekodi walivyobaki wachache duniani ndivyo bora. Bendi ikipiga wimbo mpya, kaa chini, agiza chipsi, nenda msalani. Kisha njiani kurudi lalamika kwamba muziki wa dansi unakufa kwa sababu bendi hazitungi nyimbo mpya.

Na siku Msondo na Sikinde zinapokutana kwenye ukumbi mmoja, usisubiri matokeo. Hakuna refa. Pande zote mbili hushinda, na kila Coaster hurudi ikiwaonea huruma wa ile nyingine.

8. Jumatatu

Ofisini sema ulikuwa na mgonjwa. Kabla ya kusema, futa video uliyoweka kwenye status, maana bosi ameshaiona na amegundua kwamba mgonjwa mwenyewe alikuwa anakata kiuno.

9. Marekebisho ya hatua ya tano

Sasa hesabu ndogo, kwa wadau tu. Enzi za NUTA, mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Gitaa ni mali ya chama, mshahara unatoka mwisho wa mwezi, ukumbi ujae usijae. Chama na mashirika yalipojitoa, bendi zikabaki na jina, deni na mashabiki. Siku hizi mpango wa mara nyingi ni huu: mwenye ukumbi anachukua vinywaji, bendi inachukua mlango. Kwa maneno mengine, soda uliyoagiza ukiwa na koti mkononi ilimlipa mwenye baa, na mlango uliopita na waya ndio uliokuwa mshahara wa mpiga besi.

Gurumo alipotangaza kustaafu mwaka 2013, baada ya miaka mingi ya kuimba, hakuwa na gari. Aliyempa ni Diamond Platnumz, msanii wa kizazi kipya aliyezaliwa wakati mzee huyo ameshapita NUTA na Mlimani Park. Mwaka uliofuata Gurumo alifariki. Sisi wadau tulilalamika sana: Serikali iko wapi, wizara iko wapi, mapromota wameenda wapi. Hakuna aliyeuliza wale sita wa spika moja wako wapi.

Ukweli ni kwamba mwajiri hakupotea. Alibadilika tu, kutoka chama cha wafanyakazi akawa wewe, bila barua ya uteuzi. Una wafanyakazi zaidi ya kumi, wana watoto shule, na unawaingilia kazini na kifuniko cha ngoma.

Kwa hiyo safari ijayo, lipa kiingilio. Najua inaumiza heshima ya mdau. Lakini lipa kwa sauti, noti za elfu moja moja, ukizihesabu mbele ya mlinzi na wapenzi wa bendi pinzani, na umwambie muuza tiketi jina lako kamili. Unaweza kutajwa hapo hapo mlangoni, na hawatakosea jina la baba yako.