Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Seva nazo zina watumishi hewa

Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora,

Kwa heshima na taadhima, naomba radhi kwa kuchukua dakika zako ambazo najua ni adimu. Mimi ni msimamizi wa mifumo hapa Dodoma. Jambo langu ni dogo, ila linaninyima usingizi.

Mwaka 2016 Serikali iliwasaka watumishi hewa kwenye orodha ya mishahara. Kwa unyenyekevu mkubwa, Mheshimiwa, naomba nikujulishe kuwa wengine wamo ndani ya seva. Ofisi moja iliniita nikague seva yake ya Linux. Nikafungua faili la /etc/passwd, ambamo kila akaunti ina mstari wake. Mstari wa 31 ni wa mzee aliyekwisha kustaafu. Wa 34 ni wa dada aliyehamia Singida. Wote wangeweza kuingia usiku uleule. Hakuna aliyekusudia ubaya: akaunti zilifunguliwa moja moja kwa mkono, na aliyezifungua naye alishahama.

Dawa yake, Mheshimiwa, unaijua kuliko mimi, maana ni ikama. Katika toleo la Linux liitwalo NixOS, msimamizi huandika faili moja lenye majina ya wanaostahili, makundi yao na funguo zao za kuingilia. Akiweka `users.mutableUsers = false`, mashine hulitii faili hilo tu. Asiyeandikwa huondolewa kila mabadiliko yanapopitishwa, hata kama aliingizwa kwa mlango wa nyuma. Namba ya akaunti ya aliyeondoka hapewi mgeni, asije akarithi mafaili yasiyo yake. Nywila ndizo zisiandikwe humo. Zina faili lao la siri. Mkaguzi akija, anasoma ukurasa mmoja badala ya kuuliza watu kumi.

Naomba basi, kwa ridhaa yako, Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyopewa meno na Sheria Na. 10 ya mwaka 2019, ielekeze kila taasisi kuandika ikama ya seva zake kwa namna hii. Na barua ya uhamisho wa mtumishi, yenye nakala kwa wakubwa wengi, iongezwe nakala moja: kwa msimamizi wa mifumo. Mstari wa dada yule ungefutwa kabla hajapanda basi.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Msimamizi wa mifumo, Dodoma